Chaki na Funguo: Je, Mwalimu Anaweza Kuongoza Bila Kuliacha Darasa?

Mwaka jana nilikwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari mashariki mwa Uganda. Nilipewa kidato cha pili, somo la Kiswahili. Wanafunzi walikuwa 74 katika chumba kimoja. Siku ya kwanza, nilipomaliza kujitambulisha, niliuliza kama kuna mwenye swali. Nilitarajia waniulize ninatoka wapi, au kama nitawapa mtihani. Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akasimama, akasema, "Mwalimu, na wewe utaitwa ofisini?"

Darasa zima likacheka. Mimi sikulielewa swali lile mpaka baadaye. Mwalimu wao wa Kiswahili, ambaye pia alikuwa mlezi wangu katika mazoezi yale, alikuwa ameteuliwa kuwa mkuu wa masomo muhula uliotangulia. Jina lake lilibaki kwenye ratiba, vipindi vinne kwa wiki. Lakini mara nyingi alipoingia tu na kuandika tarehe ubaoni, mtu alibisha mlangoni: mkaguzi amefika, mzazi amekuja kwa habari ya karo, karatasi za mtihani bado hazijachapishwa. Naye alimwachia kiranja kitabu awanakilishie wenzake. Hivyo ndivyo wanafunzi wale walivyojifunza ngeli za nomino, kwa mwandiko wa mwenzao, bila mtu wa kumuuliza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: je, ni haki mwalimu kuchukua uongozi huku akiendelea kufundisha? Na kama si haki, je, ni haki mwalimu mzuri kuliacha darasa ili aongoze? Wengi huliona jambo hili kuwa la utawala, la kupangwa na bodi na wizara. Mimi naliona kuwa la maadili, kwa sababu ndani yake mna deni. Mwalimu anadaiwa na wanafunzi 74 walio mbele yake, na wakati huohuo anadaiwa na shule nzima inayohitaji mtu mwenye busara wa kuiongoza. Madeni mawili na mkopaji mmoja. Alipe lipi kwanza?

Wapo wanaojibu kwa hesabu. Wanasema kwamba mwalimu akibaki darasani atawafaa wanafunzi 74, lakini akiongoza vizuri atawafaa wote 900. Kwa hiyo faida iliyo kubwa ndiyo haki. Hoja hii ina nguvu, wala sitaki kuidharau. Shule yenye kiongozi mbaya huwaumiza hata wanafunzi wa mwalimu mzuri: vitabu havinunuliwi, ratiba inavurugika, walimu wanakata tamaa. Anayekataa uongozi kwa kupenda starehe ya darasa lake, huku akijua kwamba asipokubali yeye atapewa mtu asiyefaa, naye ana lawama.

Lakini hesabu hii inasahau kitu kimoja. Inawahesabu watu kama magunia ya mahindi, kwamba gunia moja likipungua hapa na kumi yakaongezeka kule, tumepata faida. Yule msichana wa dirishani hakuahidiwa faida ya shule nzima. Aliahidiwa mwalimu wa Kiswahili, vipindi vinne kwa wiki. Jina lililoandikwa kwenye ratiba ni ahadi. Ahadi haifutwi na mema tunayowatendea wengine. Nikikopa fedha kwako nikazitumia kulisha yatima, nimefanya jambo jema, na deni lako bado liko palepale.

Wengine wanajibu kwa methali: mshika mawili moja humponyoka. Kwao jibu ni rahisi, kwamba mtu achague moja, ama chaki ama funguo za ofisi. Na mfano wao mkubwa ni Mwalimu Julius Nyerere. Alisomea ualimu hapa kwetu Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, akafundisha Tabora, na baada ya masomo yake Edinburgh akafundisha Pugu. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 akawa kiongozi wake huku bado ni mwalimu. Mwaka uliofuata ilimbidi achague kati ya kufundisha na siasa. Akajiuzulu ualimu.

Ninaupenda mfano huu, lakini sidhani unathibitisha kile wanachodhani. Kitu ninachokiona hapo kwanza ni uaminifu. Nyerere hakuliacha jina lake kwenye ratiba ya Pugu huku mwili wake uko kwenye mikutano ya hadhara. Alipoona kazi moja inaila nyingine, aliwaachia wanafunzi wake nafasi ya kupata mwalimu mwingine. Kitu cha pili ni kwamba kufundisha hakukumtoka. Mtu aliyekuwa Rais alipata muda wa kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Na watu waliendelea kumwita Mwalimu hadi alipofariki mwaka 1999, miaka 44 tangu aache mshahara wa ualimu. Kwa hiyo hata yeye hakuwa kielelezo cha chaki kuzikimbia funguo. Swali ni uongozi wa namna gani, na kwa masharti gani.

Lugha zetu zinanisaidia hapa. Kwa Kiganda mwalimu mkuu huitwa omukulu w'essomero, yaani mkubwa wa shule. Lakini kiongozi huitwa omukulembeze, mtu anayetangulia njiani. Mkubwa anaweza kukaa kwenye kiti akaletewa habari. Anayetangulia hana budi kutembea, na njia anayotembea ni ileile watakayoipita wenzake. Katika Kiswahili pia kuongoza ni kuonyesha njia, ilhali cheo ni kitu cha kupandishwa. Tumezoea kuvichanganya hivi viwili, ndiyo maana mwalimu akifanya kazi vizuri zawadi tunayompa ni kumpandisha mbali na kazi hiyo. Ni kama kumwona mvuvi hodari, tukampongeza kwa kumkataza asiende tena ziwani.

Plato, katika kitabu chake kuhusu jamhuri, alieleza mfano wa watu waliofungwa pangoni, wanaoona vivuli ukutani na kuvidhania kuwa ndio ukweli. Mmoja akifunguliwa akatoka nje akaliona jua, Plato anasema haifai abaki huko juu akifurahia mwanga. Ni lazima arudi chini awaongoze wenzake, hata kama hapendi. Na mji bora ni ule ambao watawala wake hawana hamu ya kutawala. Kwa kawaida tungesema kwamba darasa ndilo pango, na ofisi ndiko kwenye mwanga. Mimi nilipokaa wiki kumi katika shule ile niliona kinyume chake. Ofisini ndiko kwenye vivuli: wastani wa alama, fomu za mahudhurio, ripoti za idara. Vyote hivyo ni vivuli vya jambo linalotokea kwingine, mahali ambapo mtoto anakunja uso kwa kutoelewa, kisha anaelewa. Kiongozi asiyeingia darasani miaka kumi anaongoza vivuli. Ataamuru kila mwalimu asahihishe insha kila wiki, kwa sababu amesahau uzito wa daftari 74.

Hili limekuwa zito zaidi tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza nchini mwetu mwaka 2020. Sasa alama za kazi za darasani zinachangia asilimia 20 ya matokeo ya mwisho ya mwanafunzi, na mtihani asilimia 80. Zamani mwalimu ambaye hakuonekana darasani aliweza kujifariji kwamba mtihani wa taifa utaamua. Leo kuwapo kwake, na kumfahamu kwake kila mtoto, ni sehemu ya hukumu yenyewe. Atatoaje alama kwa kazi ambayo hakuiona ikifanywa? Na mkuu wa shule ambaye hajawahi kuufundisha mtaala huo atamwongozaje mwalimu anayehangaika nao?

Kwa sababu hizo naamini kwamba kiongozi wa shule anapaswa kubaki darasani. Lakini nikisema hivyo na kuishia hapo, nitakuwa nimemhukumu mlezi wangu bila kumsikiliza. Yeye hakuwa mvivu. Nilimkuta mara kadhaa saa kumi na mbili jioni bado anasahihisha, taa ya simu ikiwa juu ya daftari. Siku moja nilijipa moyo nikamuuliza kwa nini asimwambie mkuu wa shule kwamba vipindi vimemshinda. Akanitazama, akacheka kidogo.

"Mwanangu," akasema, "nikiacha vipindi, nani atavichukua? Na nikiacha ofisi, watoto wangu watasomeshwa na nini?"

Maneno yale yaliniumiza, kwa sababu yananihusu. Mwezi Juni 2022 walimu wa masomo ya sanaa nchini Uganda waligoma. Serikali ilikuwa imeamua kuwapandishia mshahara walimu wa sayansi, na kuanzia Julai mwaka huo mwalimu wa sayansi mwenye shahada akawa wa kulipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi. Sisi wa Kiswahili tuko upande wa sanaa. Mwezi huohuo wa Julai, Baraza la Mawaziri likakubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tunahitajika, lakini hatulipwi kama wanaohitajika. Kwa hiyo nakiri mbele ya msomaji: siku nitakapoitwa ofisini, huenda nikaenda, na sababu ya kwanza huenda isiwe kupenda shule. Pale ambapo cheo ndiyo njia pekee ya mwalimu wa sanaa kupata nyongeza, kumlaumu anayekichukua ni kumlaumu mwenye njaa kwa kula.

Hapa ndipo ninapoona kwamba wajibu haumwangukii mwalimu peke yake. Shule inayompa mtu funguo bila kumpunguzia chaki imemkopesha ahadi ambayo haiwezi kulipika, kisha inamwacha aone aibu mbele ya watoto. Kama tunataka uongozi unaobaki darasani, naona masharti matatu ni ya haki.

Kwanza, ratiba iseme kweli. Kama mkuu wa masomo anaweza kufundisha mkondo mmoja tu, aandikiwe huo mmoja, na mikondo mingine ipate mwalimu halisi. Mkondo mmoja unaofundishwa kila siku ni uaminifu. Mikondo mitatu ya jina tu ni uongo unaoonekana na kila mtoto.

Pili, dakika 40 za kipindi ziheshimiwe. Mkaguzi asubiri, mzazi apewe kiti na maji ya kunywa, simu ikae kwenye droo. Tunawafundisha wanafunzi kwamba masomo ni muhimu kuliko yote, kisha kila karatasi inayokuja mlangoni inawaonyesha kwamba si kweli. Wao wanaamini wanachokiona.

Tatu, uongozi ugawanywe. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kazi nyingi tunazomrundikia mtu mmoja zinaweza kubebwa na watano walio darasani: huyu awaongoze walimu wageni, yule asimamie mitihani, mwingine awe mlezi wa wasichana. Tena uongozi wa namna hii unaota kutoka darasani kwenyewe. Anayemsaidia mwalimu mpya kufundisha fasihi hahitaji kuiacha fasihi, bali anahitaji kuijua zaidi.

Najua nitapingwa kwamba hayo yote yanahitaji walimu wengi na fedha nyingi. Sharti la kwanza kweli linahitaji walimu. La pili halihitaji hata shilingi moja. Na la tatu linahitaji tu mkuu anayekubali kuachia baadhi ya funguo, jambo ambalo pengine ni gumu kuliko fedha.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mwalimu ana haki ya kuongoza huku akifundisha, na mara nyingi ni vyema afanye hivyo, kwa kuwa anayetangulia ni lazima apite njiani. Ana haki pia ya kuliacha darasa, mradi aliache waziwazi ili mwingine alichukue. Ambacho hana haki nacho ni kubaki kwa jina. Na shule haina haki ya kumweka mahali ambapo hana njia nyingine.

Yule msichana alipouliza swali lake, nilicheka pamoja na darasa nikasema, "Hapana, mimi siitwi." Nilidhani nimejibu vizuri. Wiki ya saba niliitwa ofisini nisaidie kupanga ratiba ya mtihani, kipindi chao kikiwa katikati. Nilikwenda. Niliporudi kengele ilikuwa imeshalia, na ubaoni nikakuta mwandiko wa kiranja. Msichana yule alikuwa anafunga daftari lake. Hakusema kitu, nami sikuwa na la kusema.

Siku iliyofuata niliwaomba radhi, nikawaeleza nilikuwa wapi, na kwa idhini yao tukakilipa kipindi kile saa ya mapumziko. Walikuja wote. Mimi bado si kiongozi wa chochote, lakini nadhani siku ile nilianza kujifunza uongozi: kusimama mbele ya watu ninaodaiwa nao, nikalitaja deni kwa sauti, kisha nikaanza kulilipa.