Ngoja Uone

Chai ya saa nne katika ofisi ya walimu ina utaratibu wake. Wa kwanza kufika hulalamikia sukari. Wa pili huleta habari za Kidato cha Pili B, wanafunzi 90 chumba kimoja. Wa tatu hutaja malimbikizo ya mshahara, na hapo kila mmoja huvuta kiti. Nimekaa miaka 11 katika ofisi hiyo na ninakiri kwamba hakuna kilichotuunganisha kama manung'uniko. Asiyekuwa na lake la kunung'unikia tulimwona ama mgeni ama kibaraka wa mkuu wa shule.

Siku moja mwalimu mpya, hajamaliza hata mwezi, alituambia ameona kabati la vitabu vya hadithi limefungwa, vumbi limejaa. Alitaka kila Alhamisi baada ya vipindi awasomeshe wanafunzi vitabu vile kwa saa moja. Pakawa kimya. Kisha mmoja wetu akaweka kikombe chini, akamwambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, ngoja uone." Tukacheka. Naye akacheka, kwa adabu. Kabati halikufunguliwa.

Aliyeweka kikombe chini ni mimi.

Tangu siku ile nimejiuliza kosa langu lilikuwa nini, maana uongo sikusema. Sisi tuliwahi kulijaribu jambo hilo hilo. Vitabu viwili vikapotea, mwalimu wa taaluma akadaiwa yeye, akatia kufuli. Ndiyo maana mawaidha ya semina kuhusu "mtazamo chanya" hayajawahi kunisaidia. Yanamdhania mnung'unikaji kuwa hana macho, kumbe mara nyingi ndiye aliyeona mengi kuliko wote.

Mwaka 1948 mwanasosholojia wa Marekani, Robert Merton, alitoa mfano wa benki iliyoamka ikiwa na afya njema. Uvumi ukaenea kwamba inafilisika, wenye akiba wakakimbilia kutoa fedha zao, na benki ikafilisika kweli. Uvumi ulianza ukiwa uongo, ukamaliza ukiwa kweli. "Ngoja uone" hufanya kazi hiyo hiyo kwa ujanja zaidi, kwa sababu haihitaji uongo wa kuanzia. Huichukua kweli ya jana na kuifanya sheria ya kesho. Mwalimu yule hakujaribu akashindwa, hakuanza kabisa. Nami nikakuhesabu kutoanza kwake kuwa ushahidi wangu.

Wapo wanaodhani dawa ya maradhi haya ni kuwanyamazisha watu. Bosi anataka nyuso za furaha, anazipata, anaridhika. Mwanasosholojia mwingine wa Marekani, Arlie Hochschild, aliandika kitabu mwaka 1983 kuhusu wahudumu wa ndege wa Marekani, ambao tabasamu lao lilikuwa sehemu ya kile alichonunua abiria. Kulitoa tabasamu hilo siku nzima kwa amri kuliwafikisha baadhi yao mahali ambapo hawakuzijua tena hisia zao wenyewe. Wahenga walishasema: mficha maradhi, kilio humuumbua.

Tena si kila lalamiko ni sumu. Mwaka 1971, hapa Tanzania, chama cha TANU kilitoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kikawakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani wakakishika kifungu hicho, na katika miaka iliyofuata wakaweka zana chini mara kadhaa, mara nyingine kwa sababu tu meneja aliwatukana. Kwa kipimo cha semina zetu, hao walikuwa watu hasi. Lakini nani atahangaika kukitaja kifungu asichoamini kwamba kinaweza kumtetea? Ndani ya hasira yao mlikuwa na matumaini. Aliyekata tamaa hagomi. Husaini kitabu cha mahudhurio, hunywa chai, husema ngoja uone.

Kiswahili kina jambo la kutufundisha hapa. Tamaa tunailaani: tamaa mbele, mauti nyuma. Lakini aliyeikata tunamsikitikia. Basi kipo kiasi cha kutaka ambacho mtu akikikosa hafanyi kazi tena, anahudhuria tu. Na moyo je? Moyo hutiwa, kama chumvi inavyotiwa mchuzini, kwa mkono wa mtu. Ni kweli tunasema pia kujipa moyo, lakini hata hapo lugha inadai awepo mpaji na mpewa, hata kama ni mtu mmoja. Wazo la kwamba kila mfanyakazi aje na ari yake kutoka nyumbani, kama anavyokuja na kalamu, si la lugha hii. Moyo wa mgeni uko mikononi mwa aliowakuta.

Mimi nilikuwa na ukweli uleule ambao ungeweza kumtia moyo. Ningesema: "Sisi tulikwama kwenye vitabu viwili vilivyopotea. Fungua daftari la waazimaji, kiranja alitunze, kisha umwone mwalimu wa taaluma mapema, wiki ya ripoti hana nafasi." Humo hamna sifa wala tabasamu. Habari ni zile zile za kushindwa, ila sasa zinamwonyesha shimo liko wapi ili alikwepe, badala ya kumwambia barabara imefungwa.

Najua yapo mambo ambayo daftari la waazimaji haliyagusi. Malimbikizo ya mshahara hayalipwi kwa uchangamfu, na anayemwambia mwalimu anayedai miezi yake awe chanya anamwongezea dharau juu ya deni. Lalamiko la namna hiyo lina mlango wake: kwa mwajiri, kwa chama cha wafanyakazi, kwa maandishi na kwa tarehe. Likipelekwa huko, hiyo ni kazi. Likibaki mezani kwenye vikombe linageuka majungu, chakula pekee nchini kinachopikwa kila siku na hakijawahi kumshibisha mtu.

Mwalimu yule alihama baada ya mwaka na nusu. Muhula huu tumempokea mwingine, kijana wa somo la kilimo. Juzi saa nne aliuliza kama anaweza kulima bustani ya mboga nyuma ya bweni. Pakawa kimya kile kile. Bustani ya mwisho iliishia matumboni mwa mbuzi, na wote waliokuwa mezani walikuwa wakinitazama, wakisubiri. Nikaweka kikombe chini.

"Mbuzi huingilia upande wa mnazi," nilimwambia. "Anza na ua."