Digrii 30 Kutoka Wapi?

Tuchukue karakana moja ya mbao mjini Butembo: fundi wa makamo, na kijana aliyepata Diploma ya Serikali mwaka huu huu. Nyumba inayongoja paa iko Beni, zaidi ya kilomita 50 kaskazini, ila msumeno wa umeme uko Butembo, kwa hiyo mbao zinakatwa huku. Paa ni la pande mbili, mteremko digrii 30. Asubuhi fundi anaitwa msibani. Anaondoka na kuacha neno moja: "Vichwa vyote ukate 30."

Kijana analaza kipimapembe kwenye ukingo mrefu wa ubao, anahesabu 30, anapiga mstari, anakata. Jioni rundo zima limekwisha, kila kichwa kimechongoka sawasawa na mwenzake.

Sasa, fundi anaposema 30 hapimi kutoka ukingoni. Anaweka ekeri kwanza, anaona mkato wa mraba, kisha anaugeuza digrii 30 kutoka hapo. Ukingoni inabaki 60. Hizo ni pembe mbili zinazojazana hadi 90, na kijana alijua jina lao kwa Kifaransa bila kusita. Kwenye mtihani wa taifa, ambako jibu huchaguliwa kati ya yaliyokwisha kuandikwa, jina hilo huleta alama. Lakini mchoro wa mtihani huja na kiupinde kinachoonyesha pembe inaanzia mstari gani. Ubao hauna kiupinde. Mimi namlaumu fundi kwanza: namba ya pembe bila mstari wa kuanzia ni nusu ya maagizo.

Hata hivyo dalili zilikuwepo. Kila mkato uliangusha kipande sakafuni. Kingo mbili za ubao ziko sambamba, na msumeno unazikata zote mbili. Kwenye ukingo wa kwanza ubao una 30, na kipande kinachoachana nao kina 150, kwa kuwa kabla ya kukatwa vilikuwa mstari mmoja ulionyooka. Kwenye ukingo wa pili mambo yanageuka: ubao 150, kipande 30. Hizo 30 mbili, zinazotazamana pande tofauti za mkato, ndizo pembe mbadala za daftarini. Mtu angeokota kipande kimoja tu na kukisimamisha kwenye ekeri, angeona kinavyolala mno.

Au angeegemeza mbao mbili kichwa kwa kichwa. Paa la digrii 30 kila upande lina 120 kileleni, maana pembe tatu za pembetatu hufika 180. Kila ubao unachukua nusu yake, 60. Vichwa vya 30 na 30 vinafanya kilele cha 60, na mteremko unakuwa 60 kila upande. Huo ni mnara wa kanisa.

Hakuna aliyeegemeza. Lori likapakia, likapita Maboya na Kabasha, likateremka hadi Beni, na mbao mbili za kwanza zikapandishwa ukutani mbele ya fundi.

"Papa, nilikata 30 kama ulivyosema."

"Kutoka wapi?"

Kijana akaweka kidole ukingoni. Fundi hakugomba. Akaomba msumeno wa mkono.

Ubao wenye upana wa sentimita 10, ukikatwa kwa 30 kutoka ukingoni, mkato wake unakimbia sentimita 17 na ushee kwenye urefu. Kwa 60 haufiki 6. Kurekebisha kichwa kimoja kulikula sentimita 11 na nusu, na kwenye mteremko wa digrii 30 hizo ni sentimita 10 za upana. Kilele hakiwezi kuhama, kwa hiyo zikatoka kwenye upenu. Mwenye nyumba, ambaye kuta zake ni za tofali mbichi, alikuwa ameahidiwa upenu wa sentimita 40. Akapanda ngazi na utepe wake, akapima 30, akashuka kuzungumzia bei.