Bangili Hii Ni ya Nani?

Bangili ya ngozi si kazi ngumu ukishaizoea. Unakata kamba ndefu kuliko unavyodhani utahitaji, maana kila fundo linakula urefu. Unafunga fundo, unaingiza ushanga, unafunga lingine. Hakuna gundi. Ushanga unashikiliwa na mafundo mawili, moja kila upande, basi.

Kinachonikosesha usingizi si mafundo, ni swali la wateja: "Hii ni ya Kimaasai, orijino?"

Mimi si Mmaasai. Mimi ni wa Umoja, Nairobi. Nikisema "ndiyo", mtalii anaongeza mia tatu bila kuomba apunguziwe. Nikisema "hapana", mara nyingi anairudisha mahali pake. Bangili kumi kwa wikendi, hiyo ni elfu tatu. Huwa nasema hapana, na kuna siku inauma.

Wenzangu sokoni wananiona mshamba, na hoja yao si ya kipuuzi. Wanasema: hebu angalia hizo shanga. Shanga ndogo za kioo tunazoziita za Kimaasai zilitoka Ulaya, nyingi zikitengenezwa Bohemia, ambayo leo iko Ucheki. Hata leo zinaingia nchini kwa meli. Ngozi nayo ni ya Kariokor, soko ambalo hata jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kama kila kitu kimetoka kwingine, Umaasai wa kuibiwa uko wapi?

Nimelifikiria hilo sana, na naona historia inajibu kinyume na wanavyotarajia. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilibeba shanga kama pesa. Lakini mwenye msafara hakuchagua rangi kwa kupenda kwake. Kila mahali palikuwa na rangi yake na ukubwa wake. Ukifika na ambazo wenyeji hawazitaki, mzigo mzima unakudodea, na wapagazi umeshawalipa. Kioo kilikuwa cha mgeni, lakini jicho lililoamua kipi kinafaa lilikuwa la huku.

Kisha wanawake wa Kimaasai wakakichukua kioo hicho wakakifanya lugha. Kwa mpangilio wa rangi, anayejua kusoma anatambua rika la mtu, au kama ameolewa. Ni kama Kiswahili chenyewe: "meza" tuliipata kwa Wareno, "kitabu" kwa Waarabu, na hakuna anayetuambia tuvirudishe. Kitu kinakuwa chako kwa kazi uliyokifanyia, si kwa mahali kilipochimbwa.

Sasa, kama ni hivyo, jina "ya Kimaasai" ni jasho la watu fulani. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inaitambua haki hiyo ya jamii. Lakini sheria haikai nami sokoni. Anayekaa nami ni mama wa Kimaasai, mikeka mitatu kutoka kwangu, aliyefundishwa kushona na mamake. Kila bangili ikiitwa orijino, ya kwake haina tena cha kuitofautisha. Ile mia tatu naiona imetoka kwa mtalii, kumbe imetoka kwake.

Simaanishi kwamba asiye Mmaasai asiguse ushanga. Kujifunza si kuiba. Fundo langu nililitoa kwenye video za simu, na shanga zangu ni zile za kumetameta, zilizochongwa pande pande ili mwanga uruke ukigeuza mkono. Hazisemi rika la mtu wala ndoa yake. Bado hazijasema kitu. Labda siku moja zitasema, tukizifanyia kazi ya kutosha sisi watoto wa mitaa ya Nairobi, tusio na uhakika tuandike nini mtu akituuliza "kwenu ni wapi?"

Hiyo ndiyo hasara kubwa ya kusema "ndiyo" kwa mtalii. Namnyima yule mama jina lake, halafu langu nalo halizaliwi.