Kukesha kwa Ajili ya Aliyelazwa

Soma Mwanzo 2:21. Kabla ubavu haujatolewa, Adamu alitiwa usingizi mzito. Mwaka 1847 James Young Simpson, daktari wa Edinburgh aliyeanza kuwapa klorofomu akina mama wanaojifungua, alilitaja fungu hilo alipowajibu waliosema kwamba kuondoa maumivu ni kuingilia mapenzi ya Mungu. Ubishi huo umekwisha zamani. Lakini usingizi wa dawa una swali jingine, nalo huonekana wazi zaidi mahali pasipo na kisu wala damu: chumba cha mionzi, anapoingizwa mtoto wa miaka mitatu mwenye saratani ya ubongo.

Mionzi haiumi. Nusukaputi hutolewa kwa sababu nyingine, mtoto asitikisike. Miale hulengwa kwa milimita, na kando ya uvimbe kuna sehemu za ubongo anazozihitaji ili aone, asikie na kujifunza. Mtu mzima huambiwa atulie, akatulia, ingawa uso wake umebanwa mezani kwa barakoa ngumu. Mtoto wa miaka mitatu akiiona barakoa hiyo hulia na kumtafuta mama yake, wala hana kosa. Kwa hiyo hulazwa, siku tano kila juma, na mara nyingi siku hizo hufika 30.

Huko Loma Linda, California, kwenye chuo kikuu cha Waadventista, ndiko kilikofunguliwa mwaka 1990 kituo cha kwanza nchini Marekani cha tiba ya protoni kilichojengwa hospitalini. Watoto ni miongoni mwa wanaotibiwa hapo, kwa kuwa protoni huishia kwenye uvimbe badala ya kupenya hadi upande wa pili wa mwili unaokua. Hata hivyo, mashine ya thamani kiasi hicho haimsaidii mtoto anayejigeuza.

Asubuhi ya mtoto huyo huanza kwa njaa. Chakula husimamishwa saa sita kabla, maziwa ya mama saa nne, yasije yakapanda na kuingia mapafuni. Dawa hupitishwa kwenye mpira mwembamba uliokwisha kuwekwa mshipani, ili asichomwe sindano kila siku. Macho hufumba upesi. Anaendelea kupumua mwenyewe, akiongezewa oksijeni. Kisha watu wote hutoka, maana mionzi inayomtibu yeye ingewadhuru wao, na mlango mzito hufungwa. Asiyeweza kulia wala kumwita mama anabaki ndani peke yake.

Nje, daktari wa usingizi anatazama skrini: mapigo ya moyo, shinikizo la damu, oksijeni, na mstari unaopanda na kushuka kwa kila pumzi inayotoka. Mstari huo ndio wa kutazamwa sana. Kwa mtoto aliyeongezewa oksijeni, kipimo cha oksijeni kinaweza kuonekana kizuri kwa muda huku pumzi zimekwisha kusimama. Jambo likiharibika, miale huzimwa na mtu huingia mbio.

Mtoto aliyelazwa ameondolewa kila njia ya kujilinda. Nani ameupokea ulinzi huo? Kujibu kwamba ni mashine hakutoshi, kwa sababu mashine hupiga kengele lakini haiwajibiki. Siku ya kwanza kila mtu yuko macho. Hatari iko siku ya 22: mtoto yuleyule, dawa ileile, hakuna kilichowahi kuharibika, na simu inatetemeka mfukoni. Zaburi 121:4 inamtaja Mlinzi asiyelala. Wanadamu husinzia, ndiyo maana timu njema hupeana zamu na kukagua vifaa siku ya 22 kama ilivyokagua siku ya kwanza. Uangalifu huo si hisani, mtoto anaudai.

Liko pia suala la nani anayefaidika na usingizi. Desemba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba nusukaputi inayorudiwarudiwa, au inayozidi saa tatu, inaweza kuathiri ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Onyo hilo halisemi tiba ya lazima iachwe, na saratani haingoji. Lakini linaondoa wepesi wa kusema, "Mlazeni tu." Mtoto wa miaka sita aliyepewa alasiri chache za kucheza na barakoa, akaipaka rangi, akamlaza mwanasesere wake kwenye meza ile na kuzoea kuisikia sauti ya mama kwenye spika, huenda akatulia akiwa macho, tena ameshapata kifungua kinywa. Mazoezi hayo hula muda wa watumishi. Akilazwa kwa sababu tu foleni ni ndefu, usingizi huo ni wa hospitali, si wake. Kumlazimisha wa miaka miwili awe jasiri, huku ameshikwa kwa nguvu, ni ukatili vilevile.

Mzazi naye hujaribiwa kusema, "Twende tukacheze." Siku ya pili mtoto ameshajua. Afadhali aambiwe kwamba atalala, na akiamka mama atakuwapo.

Swali la kujadili: Chumba cha kuamkia kimejaa, na muuguzi anamwomba mama huyo angoje nje. Ahadi ile sasa ni ya nani kuitimiza?