Kambi ya nani? Ulizo juu ya safari ya kuchora pongo

Katika mkutano wetu uliopita vijana wa shirika walileta wazo lililofurahisha wengi. Tukodi minibisi, tupakie rangi, burashi, masufuria na matenti. Tutoke Bunia siku ya tano asubuhi mapema, tushike njia ya Komanda, tupite Mambasa mpaka upande wa Epulu, zaidi ya kilometa 200. Tupige kambi kando ya mto, mama Wambuti watufundishe kuchora juu ya pongo, na siku ya Mungu turudi. Masomo yenye kutembea, walisema, na mapumziko papo hapo.

Mimi sikupinga. Lakini tangu siku ile kuna ulizo lenye kunisumbua: je, ni haki kugeuza maisha ya mwenzako kuwa mapumziko yako?

Kwa wale wasiojua, pongo (wengine wanasema murumba) ni kitambaa cha ganda la mti. Mwanaume anatoa ganda la ndani, analoweka, analigonga juu ya gogo mpaka linapanuka na kulainika. Zamani nyundo yenyewe iliweza kuwa ya pembe ya tembo. Kisha mwanamke anachukua kazi. Rangi nyeusi anaipata kwa maji ya tunda la gardenia na makaa, nyekundu kwa unga wa mti. Anachora kwa kidole au kijiti: mistari, nukta, kitu kama wavu, kisha ghafula mahali patupu. Michoro ya namna hiyo wanachorana hata mwilini. Waganda nao wana kitambaa chao cha mti wa mutuba, ambacho UNESCO ilikitangaza kuwa urithi mwaka 2005. Lakini kwa upande wa kuchora, niruhusiwe kujivuna kidogo, mama zetu wa Ituri wako mbele.

Nilifika huko mara moja, mwaka 2010, nasi tulikuwa ndani ya minibisi. Tulibeba rangi za dukani na makaratasi. Mama mmoja mzee akaniuliza: «Mutalala siku ngapi?» Nikajibu: mbili. Akacheka, akawaambia wenzake kwa lugha yao, nao wakacheka. Kesho yake akanipa kipande kidogo cha pongo bila kusema kitu. Akachora chake, akanyonyesha mjukuu kwa maziwa ya kopo tuliyoleta, akaenda kutafuta uyoga, akarudi. Mimi nilikuwa nikingoja masomo yaanze. Kumbe yalikuwa yameanza asubuhi. Mistari yangu ilinyooka kama daftari la mtoto wa shule. Alipoiona, akachovya kidole na kuipiga nukta juu yake, hapa na pale, nayo ikawa kitu kingine kabisa.

Sasa nifike kwenye jambo la haya. Siku ya kurudi, mmoja wetu alitaka kununua pongo sita. Akatokea baba mmoja wa kijijini, mwenye shamba, akasema: «Hawa ni Wambuti wangu.» Mnajua namna hiyo ya kusema, kwetu Ituri wenye mashamba wameisema tangu zamani, na sisi wa mjini tunaizoea haraka. Franka zikahesabiwa mkononi mwake. Mama wale walikuwa wamesimama wanatazama. Ningeweza kusema neno, lakini nilinyamaza. Minibisi ilikuwa inanguruma, nasi tulikuwa na haraka. Hata majina yao hatukuuliza.

Tunapenda kulaumu Wazungu. Ni kweli, pongo za msitu wetu zimefika mbali: mwaka 1983 kitabu juu ya michoro hii kilitoka München, na mwaka 1991 Musée Dapper ya Paris ikatoa kingine. Vitambaa vingi vilivyoko ng'ambo vina jina la kabila na la msitu tu, jina la mama aliyechora halipo. Lakini mimi nilikuwa Mkongomani, nikisikia Kiswahili kama wao, nimekaa mita mbili, nikafanya vilevile.

Yaya mmoja wa shirika alinijibu vizuri. Alisema: kila mwanafunzi anaanza kama mgeni, na kukataa kwenda kwa sababu ya haya ni namna nyingine ya kudharau. Wale mama wanapenda wageni, wanahitaji chumvi na pesa. Nakubali, na ufupi wa siku mbili peke yake si kosa. Ila Waswahili wanasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Angalieni basi safari ya mwisho wa juma ilivyopangwa: tunaondoka kila mara kabla ya jembe! Tunapata wali wa mgeni na michoro ya mwenyeji, halafu tunapanda gari.

Na hilo neno kambi, sisi watu wa Bunia tunalisemaje kwa wepesi? Kwa Mbuti, kambi ni nyumbani, vibanda vya majani vyenye kuhama na nyavu za kuwinda. Kwetu ni mabashi ya wakimbizi: mwaka 2003 watu walijaa kando ya uwanja wa ndege, na baadaye wengine huko Kigonze. Kijana aliyezaliwa juzi anaona tenti, anafikiri ni furaha. Simlaumu. Pengine ni vizuri neno lipone. Lakini asishangae mama yake akinyamaza.

Kwa sasa barabara yenyewe imeamua. Epulu ilishambuliwa mwezi wa sita 2012, watu wakauawa, na okapi wote 14 wa kituo wakafa. Miaka hii ya karibuni ADF wameua wengi Irumu na Mambasa, na tangu 2021 tumejua utawala wa kijeshi. Kupeleka watoto wa watu huko na burashi, hapana.

Basi nilipendekeza kinyume: usalama ukiruhusu, tuwaalike mama watatu au wanne waje Bunia, nauli juu yetu, malipo mkononi mwao wenyewe, na kila pongo iandikwe jina la aliyeichora kama yeye anataka. Watu walipiga makofi. Kisha mweka hazina akauliza watalala kwa nani, kwa siku ngapi, na kama wanakuja na watoto. Kimya kikaingia. Mtu mmoja akasema tuwapigie tenti uwanjani. Nilitaka kucheka, nikaona hakuna mwingine anayecheka. Orodha ya pasele zenye kupokea wageni iko kwa katibu. Mpaka leo ina majina mawili, moja ni langu, na mke wangu bado hajajua.