Mvua Si Mfagizi Wako

Wapendwa wa Kyela, wa Ipinda, wa Matema na Itungi! Nasema na wewe unayevizia mvua kubwa ya usiku ukatoboa shimo la choo ili maji yachukue. Yanachukua, naam. Yanapeleka Kiwira, Mbaka na Lufilyo, mito ile ile ambayo mbasa hupanda kutaga, kisha ziwani. Na ziwani hakuna pa kutokea! Nyasa ina mlango mmoja tu, mto Shire, kusini kabisa, Malawi. Maji yaliyo mengi huondoka kwa mvuke, na mvuke haubebi kinyesi. Ulichomwaga Aprili utakiteka kwa ndoo. Kipindupindu hakikutuvamia, tulikialika, tena si mara moja.

(Mwaka 1879 Mskoti Joseph Thomson alipita nchi hii akasifu usafi wa vijiji vya babu zetu. Leo angepita ameziba pua.)

Musa hakuona haya kulisema. Someni Kumbukumbu la Torati sura ya 23: kila mtu na kijiti chake, atoke kambini, achimbe, afukie. Lakini Musa alihubiri jangwani. Hapa bondeni ukichimba kidogo tu unakutana na maji, na kufukia ndani ya maji ni kuwapa majirani wanywe. Kwa hiyo choo kipande juu! Shimo lijengwe kwa tofali na saruji, liinuke kuliko alama ya mafuriko, na mlango wake ufikiwe kwa ngazi.

Nanyi waheshimiwa madiwani, shimo likijaa, gari la kunyonya likamwage wapi? Tengeni ardhi ya mwinuko mchimbe mabwawa ya majitaka, kama Moshi. Bwawa la kwanza lina kina: tope linatuama, bakteria wasiohitaji hewa wanalila. La pili ni pana, mwani wake unatoa oksijeni. La mwisho halina kina, jua linaua vimelea. Kisha maji yapenye kwenye kokoto zilizopandwa matete, njia ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameishughulikia miaka mingi. Haidai mtambo wa umeme. Jua tunalo, matete tunayo hata ya kuchoma.

Msiniambie fedha hakuna! Kakao ikiuzwa, ng'ombe wa mahari hupatikana. Kila kaya ifyatue tofali zake kiangazi hiki. Na ninyi wazee wa kanisa, ukaguzi uanze na choo cha mchungaji.