Chuma Hakijisemei

Wapo Unguja wanaosimulia kwamba Bububu ilipata jina lake kutokana na mlio wa gari la moshi. Wengine husema ni mlio wa chemchemi, lakini simulizi la gari ndilo tamu zaidi, na lina msingi, kwa kuwa reli ilikuwapo kweli. Mwaka 1905 kampuni ya Arnold Cheney ya New York ilifungua njia iliyoanzia karibu na Ngome Kongwe, ikapenya mjini ikikaribia kugusa kuta za nyumba, ikaishia Bububu, mwendo wa maili saba hivi. Serikali ikaichukua mwaka 1911, na miongo miwili baadaye ilikuwa imekwisha kuachwa. Hata hivyo, Bibi Salme binti Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866, anaitaja Bububu kwa jina hilohilo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, anapoeleza maisha yake ya shamba. Jina lilitangulia reli. Mwenye haraka atasema basi, tuachane na maneno ya watu, twende tukafukue chuma. Mimi naona hapo ndipo swali linapoanza: je, mtu anaweza kudai kwa haki kwamba anakijua kitu asichokishuhudia, na kama anaweza, amwamini nani?

Tuangalie kwanza kilicholiangusha simulizi lile. Hakikuwa kipande cha reli kilichofukuliwa, bali neno la mtu mwingine, aliyeishi pale, akaandika akiwa Ujerumani huku akiukumbuka ujana wake. Ushahidi umekatwa na ushahidi wenye nguvu zaidi. Wanaodhani chuma hakina hila nawaomba waitazame Mombasa. Mwaka 1890 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilianza kutandaza reli nyembamba, upana wa futi mbili, ikinuia kufika Ziwa Viktoria. Zikalazwa maili chache, kazi ikasimama. Mwaka 1896 serikali ya Uingereza ikaanza reli nyingine yenye upana wa mita moja, na hiyo ndiyo iliyofika Kisumu mwaka 1901. Vyuma vya ile ya kwanza havikutupwa. Vilirudishwa mjini, vikatandazwa kutoka upande wa Ndia Kuu hadi Kilindini, na juu yake zikapita troli za abiria, zenye viti na kivuli cha turubai, zikisukumwa na watu waliokimbia nyuma yake. Zilidumu hadi miaka ya 1920, magari yalipozipokonya kazi. Sasa mtafiti akifukua kisiwani kipande cha reli ya aina hiyo, amepata njia ipi? Chuma kilekile kilianza safari ya ziwani iliyokufa changa, kisha kikabeba abiria wa mjini. Akikikuta kimesimamishwa kuwa nguzo ya uzio wa mtu, pengine hapo hapakupita njia yoyote. Chuma kinathibitisha kwamba kitu kilikuwapo. Palipopita kitu hicho, na kwa ajili ya nani, lazima aseme mtu.

Ikiwa ni hivyo, kujua njia iliyoachwa ni kuamini, ila kuamini kwa mizani, na mizani hiyo watu wa pwani wanayo tangu kale. Wanazuoni wa hadithi za Mtume hawakuuliza tu nini kilisemwa. Waliuliza nani alimsikia nani, kama waliwahi kukutana, na kumbukumbu ya kila mmoja ilikuwaje. Kisha wakapanga madaraja, tangu sahihi hadi dhaifu, badala ya kukubali au kutupa tu. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, aliweka sharti jingine kwa habari za matukio: kabla ya kumchunguza msimulizi, tazama kama jambo lenyewe linawezekana kwa tabia ya maisha ya watu. Sharti hilo linaifaa troli mno. Anayesema ilikata kona kali ndani ya kichochoro, au ilipandishwa mlima mkali ikiwa na abiria, amesema jambo linalokataliwa na magurudumu na misuli ya watu. Anayesema ilipita mlangoni pa ofisi za serikali kuelekea bandarini amesema jambo linaloafikiana na waliokuwa na uwezo wa kupanda.

Patakuwa na wa kusema kwamba ramani inatosha. Ramani nayo ina mpokezi wake: nani aliichora, kwa amri ya nani, kabla ya kazi au baada yake. Aliyechora mwaka 1890 nia ya kampuni angeweka mstari hadi ziwani, na mstari huo ungekuwa nadhifu kuliko simulizi la mzee yeyote, na usiwe kweli. Pingamizi zito zaidi ni kwamba waliopanda troli wamekufa, na tulicho nacho ni maneno yaliyopita vinywa vitatu au vinne. Nakiri. Hilo linashusha daraja la habari, halifuti habari. Kiswahili kimetupa neno la kazi hiyo, yasemekana, na kosa kubwa la mtafiti ni kulidondosha njiani baina ya daftari na kitabu. Hata simulizi la Bububu lina mahali pake. Ni dhaifu kuhusu jina, lakini linatuambia kwamba reli ile ilikaa katika masikio ya watu kiasi cha kupewa ubaba wa mji uliokuwapo kabla yake.

Limebaki pengo linalonisumbua kuliko yote. Katika kadi nyingi za posta za Mombasa ya wakati ule abiria ameketi chini ya kivuli, na wasukumaji wamesimama nyuma, mikono kwenye troli. Maandishi yanataja mji na chombo, wao hawatajwi. Mnyororo umekatika pale pale penye shahidi bora, aliyeijua kila sentimita ya mwinuko kwa miguu yake. Nitaambiwa asiyeacha neno hawezi kunukuliwa. Kweli, na kumtungia maneno ni dhuluma nyingine. Mwanachuoni wa hadithi akikuta mnyororo uliokatika, hauungi kwa kukisia, wala haupitishi kana kwamba ni mzima; anautangaza kuwa umekatika, na mahali ulipokatikia. Anayechora upya njia za troli na aandike hivyo kwenye ramani yenyewe, kando ya mstari, pamoja na urefu wa kila kipande na idadi ya viti, maana hata bila neno la msukumaji jambo moja ni sahihi kwa kila mizani: kutoka Ndia Kuu hadi Kilindini, na kurudi, troli haikuwa na injini.